Salfa, misprusi na mikorosho yetu: maswali ninayoulizwa kila msimu

Mi nilisomea misitu Morogoro halafu nikarudi nyumbani Newala kuangalia mikorosho ya mjomba, na tangu siku niliyoropoka kijiweni kwamba kule Ulaya na Marekani kuna misitu mizima ya misprusi ya milimani ilikauka sababu ya salfa ya hewani, sijapumzika. Juni ikiingia, blowa za kupulizia mikorosho salfa zikianza kuunguruma alfajiri, na maswali nayo yanaanza. Nimeamua niyaandike yote pamoja na majibu ili mtu akiniuliza nimtumie tu, maana kuna wengine nimeshawajibu mara 4 na bado wananipigia.

Msprusi ndo mti gani huo?

Ni ndugu wa mpaini. Kama umeshapita Mafinga ukaona ile mipaini ya Sao Hill basi umekaribia, majani ni sindano, ila za msprusi ni fupi na kila moja imeota peke yake kwenye kitawi, hazikai vishada vishada. Umbo ni lile la mti wa krismasi wa plastiki, juu mwembamba chini mpana. Iko mingi lakini kwenye habari hii utasikia zaidi miwili, ule wa Ulaya ambao wataalamu wanauita Picea abies, na ule mwekundu wa milima ya mashariki ya Marekani, Picea rubens, ambao unaweza kuishi miaka 300 na zaidi.

Shika hili moja maana tutalirudia: msprusi haupukutishi majani yote kila mwaka. Sindano moja inakaa mtini miaka 5, 7, hata zaidi, kwahiyo hewa ikiwa chafu inaipiga hiyo hiyo sindano mwaka baada ya mwaka. Mwembe ungekuwa umeshabadilisha nguo.

Hiyo hewa chafu inauaje mti? Mti si unakula moshi?

Mti hauli moshi jamani. Unavuta kaboni daioksaidi, na inapitia kwenye vitundu vidogo vya jani ambavyo havina mlinzi wa kuuliza nani anaingia. Ukichoma makaa ya mawe yenye salfa nyingi inatoka gesi ya salfa daioksaidi, nayo inapita mlango huo huo, ikifika ndani inakutana na unyevu inageuka asidi na kuanza kuharibu ule ukijani wa jani. Sindano inakuwa ya njano, inakuwa kahawia, inadondoka. Kwenye maeneo mabaya kabisa msprusi uliokuwa na sindano za miaka 7 unabaki na za miaka 2 au 3 tu, ukitazama juu unaona mbingu kupitia matawi.

Hiyo ndo njia ya haraka na inahitaji moshi mwingi wa karibu. Ya pili ni ya polepole na ndo iliyokula msitu mkubwa zaidi. Salfa hiyo, pamoja na gesi za naitrojeni za magari na viwanda, inasafiri mamia ya kilomita, inakuwa asidi mawinguni, inashuka na mvua. Mvua safi ina pH kama 5.6 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi). Kule Hubbard Brook, msitu wa utafiti huko New Hampshire, Marekani, mtafiti Gene Likens na wenzake walipoanza kupima miaka ya 1960 walikuta iko karibu na 4, na kwa kuwa kila namba moja ya pH ni mara 10, hiyo ni asidi mara 30 hadi 40 zaidi.

Ikifika chini asidi inauosha udongo. Kalsiamu na magnesiamu zinaondoka na maji kwenda mtoni, na udongo ukishaishiwa hizo, aluminiamu iliyokuwa imelala ndani ya udongo inayeyuka na kuwa sumu kwa mizizi midogo midogo ile inayonyonya. Mtafiti wa udongo Bernhard Ulrich wa Göttingen ndiye aliyelipigia sana kelele hili la aluminiamu Ujerumani. Kwahiyo mti juu unaonekana una njaa, sindano za njano, chini una mizizi iliyoungua, na mvua inanyesha vizuri tu. Ukifika ghafla utasema ni ugonjwa.

Mbona walioumia ni wa mlimani na viwanda vilikuwa bondeni?

Hili swali nalipenda kwa sababu mtu wa Newala analijua jibu hata kama hajui kwamba analijua. Nenda pale ukingoni Shimo la Mungu asubuhi ya Julai wakati ukungu unapanda toka bonde la Ruvuma. Simama chini ya mkorosho dakika 10. Mvua hamna, lakini utasikia to, to, to, matone yanadondoka shingoni, na ukitazama chini mchanga ulio chini ya mti umelowa wakati hatua 3 pembeni ni mkavu. Mti umechana ukungu kama kitana.

Sasa msprusi ndo kitana chenyewe, sindano nyingi nyembamba, na umesimama mlimani ndani ya wingu siku nyingi kwa mwaka. Na maji ya wingu ni makali kuliko ya mvua, hayajachanganywa na maji mengi. Kwenye milima kama Mount Mitchell kule North Carolina kuna mawingu yalipimwa yakakutwa chini ya pH 3, hapo umeikaribia siki. Ongeza kwamba udongo wa mlimani ni mwembamba, juu ya mwamba, akiba yake ya kalsiamu ni ndogo toka mwanzo.

Alafu kuna ujanja mwingine walioufanya. Watu wa jirani na viwanda walipolalamika, dawa ikawa kujenga dohani ndefu zaidi. Sudbury, Kanada, mwaka 1972 walisimamisha dohani ya mita 381. Mji ukapata nafuu, moshi ukaenda kwa wengine. Ni sawa na yule anayefagia uchafu wake mpaka kwenye uwanja wa jirani, mnamjua.

Ilitokea wapi hasa?

Pabaya kuliko pote ni pale mpaka wa Chekia, Ujerumani Mashariki ya zamani na Polandi, wenyewe walipaita Pembetatu Nyeusi. Kulikuwa na mitambo ya umeme inayochoma makaa ya kahawia, salfa tele, na milima ya Krušné hory na Jizera iko hapo hapo. Makumi ya maelfu ya hekta za misprusi yalikufa. Pigo kubwa moja lilikuwa mwaka mpya wa 1979, joto lilishuka ghafla sana ndani ya muda mfupi na miti iliyokuwa imeshachoshwa na moshi haikuamka.

Marekani ni Vermont na jirani zake. Kwenye mlima Camels Hump, Hubert Vogelmann na wenzake walihesabu miti katikati ya miaka ya 1960, wakarudi mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea, wakakuta misprusi mekundu imepungua kama nusu. Hapo hapakuwa na kiwanda jirani. Moshi ulitoka majimbo ya mbali magharibi.

Sasa iliua baridi au moshi? Maana naona unasema vyote.

Vyote, na huu ndo ubishi uliowachelewesha wenyewe. Wenye viwanda walisema ni baridi, ni ukame, ni wadudu. Na ni kweli baridi ilionekana kwa macho, sindano za mwaka huo zinageuka rangi ya tofali mwisho wa majira ya baridi. Ila watafiti wa Vermont walionyesha kwamba asidi inaichomoa kalsiamu kutoka kwenye ngozi za chembechembe za sindano, na sindano iliyopungukiwa kalsiamu inaganda kwenye baridi ambayo zamani ingeivumilia. Ni kama mtu mwenye utapiamlo akifa kwa malaria. Utaandika malaria kwenye cheti, sawa, lakini mama yake anajua.

Kama salfa inaua misitu, mbona sisi tunapuliza salfa mikorosho na inazaa?

Haya. Hili ndo swali lenyewe, mengine yote watu wanauliza wakizunguka zunguka mpaka wafike hapa.

Kwanza tuelewane, salfa ya unga ya kwenye mfuko na gesi ya salfa si kitu kimoja, unga ni salfa yenyewe, gesi ni salfa iliyoungua ikaungana na oksijeni. Unga hauingii kwenye vitundu vya jani na kulichoma kama gesi. Unakaa juu ya ua na jani changa na unaiua kuvu ya ubwiriunga. Na ubwiriunga si mchezo, wazee wanakumbuka. Nchi hii ilivuna tani kama 145,000 za korosho msimu wa 1973/74, kufika 1986/87 tukawa chini ya 20,000. Sio ubwiriunga peke yake, kuhamishwa kwenda vijiji vya ujamaa kuliacha mashamba mbali na wenyewe, bei nazo zilikuwa za kukatisha tamaa, lakini ugonjwa ulipoingia ulikuta shamba halina mwenyewe. Maua yanakauka kama yamepitiwa na moto. Salfa iliokoa zao hili, mi siwezi kusimama mbele ya mjomba nikamwambia aache.

Ila, na hapa ndo huwa naona watu wanaanza kuangalia simu, ule unga baada ya kumaliza kazi juu unaanguka chini. Kwenye udongo kuna bakteria wanaoila salfa, na wakiila inatoka asidi ya salfuriki. Ile ile ya kwenye mvua ya Ulaya. Haikupitia dohani wala wingu, imepitia blowa.

Fanyeni hesabu na mimi. Mti mkubwa unapewa robo kilo kwa mzunguko, na ukipiga mizunguko 5 inakuwa kilo moja na robo kwa mti kwa msimu. Ukipanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 hekta moja inabeba miti kama 69. Zidisha, unapata kilo 86 hivi za salfa kwa hekta kwa mwaka. Sasa msitu wa misprusi wa Solling, Ujerumani, ambao Ulrich aliutumia kwenye vipimo vyake, miaka ya 1970 ulikuwa unapokea kutoka hewani salfa ya kama kilo 80 kwa hekta kwa mwaka. Siku ya kwanza kuiona hesabu hii nilirudia mara 3 kwenye kikokotoo nikidhani nimekosea nukta.

Isikutie kiwewe. Unga wetu mwingine unachukuliwa na upepo kwenda kwa jirani, na mkorosho ni mti mvumilivu, udongo wa asidi asidi unauweza kuliko msprusi wa mlimani wenye njaa. Lakini mchanga wetu huu wa uwanda wa Makonde hauna akiba, ni kama mfuko wa mtu wa mwezi Machi. Na miaka ya 1990 watafiti walishapima udongo chini ya mikorosho iliyopulizwa salfa huku kusini wakakuta asidi imepanda. Mkorosho unaweza usilalamike, atakayelalamika ni karanga na mahindi unayochanganya chini yake, wewe ukasema mbegu ya mwaka huu mbovu.

Nifanye nini basi? Niache salfa?

Nani kasema uache. Acha kupuliza kwa mazoea. Kuna mtu anamwaga nusu kilo kwa mti kwa sababu eti ukipuliza mti ukawa mweupe ndo umepuliza, hapana, unarutubisha mchanga kwa asidi na hela yako. Mfuko wa kilo 25 kwa robo robo unatakiwa upite miti 100, ukiisha kwenye miti 60 jua kuna tatizo la blowa au la mshika blowa. Puliza alfajiri kuna umande na upepo umetulia. Punguzia majani na matawi ya ndani ili mti upitishe hewa, ubwiriunga unapenda vichaka. Zipo dawa za maji pia, unaweza kubadilishana misimu.

Alafu pima udongo. Kituo cha utafiti cha Naliendele kiko hapo hapo Mtwara na ndo wenyewe wa korosho. Ukiambiwa asidi imepanda dawa yake ni chokaa ya mawe iliyosagwa, na kwa hesabu ya kemia kila kilo 1 ya salfa iliyogeuka asidi yote inataka kama kilo 3 za chokaa kuituliza. Majivu ya jikoni nayo yanasaidia kidogo kwenye shamba dogo. Usichome majani yaliyopukutika, yaache yaoze pale pale, kalsiamu iliyomo irudi.

Mifuko ya salfa iliyoisha nichome?

USICHOME. Narudia kwa herufi kubwa kwa sababu kwetu kulifanyika. Mtoto wa shangazi alikusanya mifuko nyuma ya jiko, ndani mna unga umebaki konani, akawasha kiberiti. Salfa inawaka mwali wa bluu, mzuri hasa, watoto wakakusanyika. Dakika ileile upepo ukageuka. Shangazi alitoka jikoni anakohoa hawezi kusema, macho yanatiririka, kuku wakakimbilia kwa jirani. Tukamwagia mchanga. Siku 2 baadaye mpapai uliokuwa upande wa moshi ukawa na mabaka meupe kwenye majani, katikati ya mishipa ya jani, mishipa yenyewe kijani. Mpapai wa upande wa pili hauna kitu. Mi nikaupiga picha maana ni picha ile ile niliyoionyeshwa darasani ya jani lililopigwa na salfa daioksaidi, tena bila nauli ya kwenda Chekia.

Kung'uta unga uliobaki utumie kesho, au fukia mbali na kisima.

Gesi ya Mnazi Bay na ya Songosongo italeta mvua ya asidi?

Kwa upande wa salfa, hapana, gesi asilia ikiungua inatoa salfa kidogo mno ukilinganisha na makaa ya mawe. Inatoa gesi za naitrojeni kiasi. Wanaouliza hili mara nyingi wameona yale malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini Mtwara. Lile vumbi jeusi ni kero na si zuri kwa mapafu, ila salfa iliyomo ndani ya jiwe haijatoka bado. Itatoka huko litakakochomwa, kwa hiyo swali hilo linatakiwa kuulizwa na mtu wa nchi nyingine.

Si walisema misitu yote ya Ujerumani itaisha? Mbona ipo?

Walisema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magazeti ya kule yaliandika kama vile ifikapo mwaka 2000 hakuna msitu. Haikuwa hivyo, sehemu nyingi miti ilibaki, na kuna watu mpaka leo wanaitumia kama ushahidi kwamba wataalamu wa mazingira ni waongo. Mi naona wanakimbilia nusu ya hadithi. Mwaka 1983 Ujerumani Magharibi iliweka kanuni kali kwa mitambo mikubwa, 1985 nchi kadhaa zilikubaliana Helsinki kupunguza salfa kwa asilimia 30, Marekani ikabana 1990, Chekia wakafunga mashine za kuchuja kwenye mitambo yao mikubwa kufikia mwisho wa miaka ya 1990. Umeondoa moto chini ya chungu halafu unamcheka aliyesema kitaungua. Ila ni kweli pia walikuza mambo, misitu ya Krušné hory na msitu wa kawaida wa Bavaria haikuwa na hali moja na waliiandika kama moja.

Kwahiyo miti imepona?

Msprusi mwekundu wa Marekani, ndio, unakua vizuri tena, pete za mbao zinaonyesha umeongeza kasi toka miaka ya 2000. Ulaya imechanganyika kwa sababu wakati udongo unaanza kupumua ukaja ukame wa 2018 na miaka iliyofuata, na mende mdogo wa magome anayeitwa Ips typographus akamaliza misprusi Chekia na milima ya Harz, hilo si la salfa, ni la joto na kupanda mti wa aina moja kila mahali.

Udongo ndo mgumu. Moshi unaweza kuuzima kwa mwaka, kalsiamu iliyoenda na mto hairudi kwa mwaka. Hubbard Brook mwaka 1999 walipita na helikopta wakamwaga madini yenye kalsiamu kwenye bonde dogo la hekta kama 12 kuona itakuwaje. Baridi kali ya 2003 ilipokuja misprusi ya bonde lile iliumia kidogo sana kuliko ya jirani. Ujerumani nao wanamwaga chokaa msituni kwa helikopta. Mjomba nilipomwambia hili aliuliza kama wanakodisha.

Ni kweli hewa ya salfa ilikuwa inazuia kuvu?

Kweli kabisa. Uingereza, miji ya viwanda ilikuwa haina shida kubwa ya ugonjwa wa madoa meusi ya waridi, hewa ilipotakata ugonjwa ukarudi. Na kule Krušné hory walipopanda msprusi wa bluu toka Marekani kwa sababu unavumilia moshi, ulisimama vizuri miaka ya uchafu, hewa ilipokuwa safi kuvu ikaja kula machipukizi yake. Mtu wa korosho hapo hashangai.

Jasi (jipsamu) ya Kilwa naweza kuitumia badala ya chokaa?

Kushusha asidi, hapana, jasi haifanyi kazi hiyo. Ila inaleta kalsiamu, na inashuka chini zaidi kuliko chokaa ikapunguza makali ya aluminiamu kwenye mizizi ya ndani, kwahiyo vikitumika pamoja si vibaya, pima kwanza.

Na hapo kwenye jasi kuna kitu huwa kinanichekesha. Zile mashine za kuchuja moshi kule Ulaya zinapitisha moshi kwenye maji ya chokaa, salfa inanaswa, na kinachobaki chini ni jasi. Tani kwa tani. Wanaikausha wanatengenezea mbao za jipsamu. Kwahiyo salfa iliyokuwa inaua misprusi iko kwenye dari za watu sebuleni, imepakwa rangi nyeupe.